Kisima Kikiingia Chumvi, Usikiongeze Kina

Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 939,370 Mombasa. Ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Ukizitaja takwimu hizo barazani na kuuliza mbona maji hayatoshi na visima vinaingia chumvi, utaambiwa watu wanazaana kupita kiasi. Silikubali jibu hilo. Familia ya watu 8 kule Kisauni inayonunua maji kwa mitungi ya lita 20 haiwekwi mizani moja na jumba lenye bwawa la kuogelea na bustani inayonyweshwa kila jioni.

Maji ya mfereji hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hayatoshi. Basi kila mwenye ploti huchimba kisima. Chini yetu ni mawe ya matumbawe yaliyojaa nyufa, na humo maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Uwiano wake ni kama 1 kwa 40: maji matamu yakishuka sentimita 10, chumvi hupanda mita 4 hivi. Ndiyo maana anayeongeza kina cha kisima kilichoingia chumvi hukiua kabisa. Pandisha pampu juu, tumia ndogo, vuta kidogo kidogo, kisha kiache kipumzike. Inaniuma kuona ghorofa moja ikijaza matangi kwa mashine kubwa huku visima vya majirani vikiharibika.

Vyoo vya shimo navyo vinataka angalau mita 30 kutoka kisimani, nafasi ambayo viwanja vingi vya mtaa wa Majengo havina. Kuchemsha huua vijidudu. Chumvi na naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi, hubaki.

Ghorofa yoyote isipewe kibali bila tangi la mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya paa ni lita 1. Kwa mwaka wenye milimita 1,000, paa la mabati la mita mraba 100 hutoa kama lita 80,000, hata ukitoa zinazopotea. Wengi hukosea kwa kuyaingiza maji ya kwanza, yenye vumbi na mavi ya kunguru. Lita 50 za mwanzo zimwagwe: simamisha kabla ya tangi paipu mbili za inchi 4, kila moja mita 3, zilizozibwa chini na kuachiwa tundu dogo la kujimwaga. Funika tangi kwa wavu, maana mbu wa dengi huzaa humo. Yanayofurika yaelekeze kwenye shimo la kokoto, mbali na choo, yazame ardhini yakaongeze maji matamu.