Shemeji kaja kuniokolea LUKU

Nafuga kuku wa nyama hapa Uyole, Mbeya, na baridi ya Julai ya huku mnaijua wenyewe. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 33 hivi wiki ya kwanza, sa mi nilikuwa nimewafungia vifaranga wangu 200 zile taa nyekundu 4 za wati 250, yani kila saa ikipita yuniti nzima ya LUKU imekwenda, piga hesabu mpaka kuche. Mke wangu alikuwa kanuna tu.

Basi kaja kaka yake kutoka Dar, kidogo anajua ufundi umeme. Kachungulia bandani, kaniuliza, "Shem, hawa kuku wanajiandaa na mtihani?"

Nikaenda msibani Tukuyu, narudi usiku nakuta banda linawaka weupe kama ukumbi wa harusi, shemeji kasimama mlangoni anachekelea, "Shem nimekuokolea hela, hizi wati 9 tu na mwanga ule ule!"

Mwanga kweli ule ule jamani, ila taa ya LED haimpashi joto hata sisimizi! Vifaranga wamelaliana kona moja kama kichuguu, makelele hadi kwa jirani, maana wakiota joto vizuri hutawanyika na kutulia.

Nikauliza zile nyekundu ziko wapi, eti kamuuzia jirani mwenye baa. Nikakimbia kule nikakuta watu wamejazana kaunta, wamevua makoti, mwenye baa kaniambia bosi hizi sitoi hata kwa mtutu, toka Julai ianze sijawahi kupata wateja hivi.

Ikabidi vifaranga wahamie sebuleni, jiko la mkaa katikati, madirisha wazi maana moshi wa mkaa unaua, na mlinzi wa jiko nani kama si shemeji, akapitiwa na usingizi kwenye mkeka, asubuhi tunamkuta na vifaranga kwapani, kwenye kofia, mmoja kafanya mambo yake sikioni.

Waliopona hawakukua sawa, waliopigwa baridi wakadumaa. Siku ya kuuza kaja mteja wa hoteli, yeye anataka wa kilo moja na nusu wote, kaangalia banda kashika kiuno, "Hawa wadogo ni kware?"

Kabla sijafungua mdomo shemeji kadakia, "Hapana bosi, hao ni enaji seva."