Sgt. Pepper ya 2017 imeharibu nini hasa?

Albamu kongwe ikitolewa upya, lawama huwa ileile: wanatuuzia tulichokwisha kununua. Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles, kundi la Uingereza, ilipofikisha miaka 50, Mei 2017, lawama ilipata nyongeza: safari hii wamezigusa nyimbo zenyewe. Giles Martin, mtoto wa George Martin aliyeiprodyuzi albamu hiyo, alikaa na fundi mitambo Sam Okell wakamiksi kila kitu upya, yaani wakazichanganya na kuzipanga upya sauti na ala zilizorekodiwa zamani. Baba mtu alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia, na wapo walioona kijana anachokonoa urithi.

Hoja yao si ya kupuuza. Watu wamekua na stirio ya 1967, toleo linalogawa sauti kati ya spika mbili, pamoja na vituko vyake, na sikio likishazoea kituko hukidai. Ukubwa wa sauti kwenye toleo jipya umepandishwa kwa kufuata mtindo wa siku hizi. Sanduku kubwa la diski sita nalo si la kila mfuko.

Ila tuulizane: stirio hiyo inayolindwa hivyo ilikuwa ya nani?

Mwaka 1967 Waingereza wengi walisikilizia gramafoni ya spika moja. Kwa hiyo jasho lote lilimwagika kwenye mono, toleo la spika moja, na Beatles wenyewe walihudhuria ikimiksiwa hadi ikawakaa. Stirio ilifuata kama kiporo. Mafundi waliimaliza kwa siku chache, Beatles hawapo. Siku chache! Vijana walioishi studio za Abbey Road kuanzia Novemba 1966 hadi Aprili 1967, walioita wapiga ala 40 waje kupandisha noti kutoka chini kabisa hadi juu kwa ajili ya “A Day in the Life”, hawakuona haja ya kuketi kuisikiliza stirio ikipikwa. Halafu mono ikapotea madukani, na kiporo kikageuka msahafu.

Vaa hedifoni uusikilize wimbo huohuo katika stirio ya zamani. Sauti ya John Lennon, mwimbaji wa kundi, inaanzia kulia, inahama polepole kuelekea kushoto. Chomoa ya kulia mwanzoni uone anavyofifia. Ukiwa na spika mbili sebuleni ni raha. Kwenye daladala, mkiwa mmegawana hedifoni na jirani, mmoja wenu ameibiwa.

Kuna na suala la kanda. Mashine zao zilibeba njia nne tu za kurekodia. Zikijaa, zote zinakandamizwa kwenye njia moja au mbili za kanda nyingine, ili ipatikane nafasi ya kuongeza ala. Aliyewahi kunakili kaseti kutoka kaseti iliyonakiliwa anajua kinachotokea: mvumo unaongezeka, ngoma inalainika kama imefunikwa blanketi. Martin na Okell walirudi kwenye kanda za mwanzo, zile za kabla ya kukandamizwa, wakazipanga upya kwenye kompyuta. Ngoma za Ringo, mpiga ngoma wa kundi, zikarudi katikati, na uzito wake. Hakuna ala iliyopigwa upya. Walichopunguza ni kule kunakili kanda kwa kanda. Na dira yao ilikuwa mono, ile waliyoihudhuria Beatles wenyewe. Mtu akiniambia huko ni kuisaliti albamu, namwuliza ni ipi.

Kuna mahali pamoja tu naungana na walalamikaji. “She's Leaving Home”, wimbo wa binti anayetoroka kwao alfajiri, unakwenda kasi zaidi kwenye mono, na sauti iko juu karibu nusu toni. Toleo jipya limefuata kasi hiyo, na kwa vigezo vyangu mwenyewe ni sahihi. Lakini kinubi kile cha mwanzo, kwenye stirio ya zamani, kinajikokota, na binti anashuka ngazi taratibu asiwaamshe wazazi. Katika ile mpya ni kama teksi inamsubiri nje. Stirio ya kiporo sijaifuta kwenye simu yangu, kwa ajili ya wimbo huo mmoja.