Mchicha, unga na siku 28

Hapa Tanga ukimshauri mtu anunue unga ulioongezwa virutubishi, jibu liko mdomoni: bibi zetu walikula mchicha wa nazi na dagaa, wakazaa kumi, hayo madawa ya nini? Wataalamu hulipuuza jibu hilo upesi mno, na wenye shaka wana ushahidi wao. Ufini, mwaka 1994, wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, kirutubishi ambacho mwili hukigeuza vitamini A, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Na ng'ambo hapo, Pemba, watoto wadogo waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki (vitamini ya kundi B) walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Matokeo yalitoka 2006, na kidole kikaelekezwa kwenye malaria.

Lakini hao ni wavuta sigara na watoto wa eneo la malaria. Kuwatumia kumkatisha tamaa msichana wa mtaa wa Makorora anayetarajia kuja kuzaa ni kumwonea.

Mfereji ambao ndani yake hujengeka ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba itungwe. Usipojifunga, ndiyo mgongo wazi. Hebu tupige hesabu: siku hiyo mama amechelewa hedhi wiki mbili tu, pengine anasingizia uchovu. Akienda kliniki kuanza kadi mimba ikiwa na miezi minne, akapewa vidonge vya kuongeza damu, vitamsaidia kwa mengine, ila suala la mgongo limekwisha zamani. Utafiti uliochapishwa 1991, wa wanawake 1,817 waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo, ulionyesha asidi ya foliki ikianza kabla ya mimba hupunguza kurudiwa kwa asilimia 72.

Mchicha unayo foliki, nani abishe? Ila foliki huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto. Mchunga, ile mboga chungu, tunauchemsha, maji machungu tunayamwaga, na sehemu nzuri ya foliki inakwenda nayo. Mahindi nayo tunayakoboa, kiini na pumba wanakula kuku, sisi tunabaki na sembe nyeupe.

Andazi la asubuhi lililotokana na ngano iliyoongezwa foliki humfikia mwanamke kabla hajajua chochote, bila kliniki wala kidonge. Ndiyo maana nauamini unga kuliko kampeni. Ni kweli foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12 kwa wazee, ndiyo maana kiwango kinapimwa.

Kanuni zetu za 2011 ziliwabana wenye viwanda vikubwa. Anayepeleka debe lake mashine ya mtaani anarudi na unga mtupu. Tungebishana hapo: kirutubishi cha mashine hiyo akilipie mwenye mashine, serikali, au mama anayenunua kwa kibaba.