Kubadilisha jina la chombo: mkosi, au kuna kitu tunaficha?

Binamu yangu kanunua mashua mwezi uliopita pale ufukwe wa Deep Sea, Tanga. Mashua ya mkononi lakini nzuri tu, tanga bado zima, ka-injini ka kusaidia kapo, mbao za mvule ngumu. Shida jina. Pale omo, yani mbele ya chombo, imechongwa TULIA kwa patasi, herufi zinaingia ncha ya kidole, na yeye anataka iitwe SINA DENI (huku kainunua kwa mkopo, hayo tuyaache). Basi ukoo ukagawanyika, wengine ati ukigusa jina la chombo unaita mkosi, wengine ati hizo imani za kizamani, paka rangi twende. Nimewasikiliza siku tatu na naona kila upande una pointi na kila upande unajidanganya kidogo.

Tuanze na wanaoogopa. Mzee mmoja hapo mtaani aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za nje akaleta stori ya Mary Celeste, ile merikebu ya tanga iliyokutwa Desemba 1872 kati ya Azores na Ureno inajiendea yenyewe, chakula kipo, maji yapo, mtu hata mmoja hamna. Nahodha, mkewe, binti yao wa miaka 2 na mabaharia 7, hawajaonekana mpaka leo. Na ni kweli ilibadilishwa jina, mwanzo iliitwa Amazon. Watu kimya, wote wakamgeukia binamu.

Ila ukiifuatilia hiyo stori vizuri inageuka. Amazon ilishushwa majini mara ya kwanza 1861 kule Nova Scotia, Kanada, na nahodha wake wa kwanza aliugua akafa safari ya kwanza tu, yani ikiwa na jina lake lile lile la kuzaliwa. 1867 dhoruba ikaitupa pwani, ikavunjika vibaya mpaka wenyewe wakaiacha, ikauzwa kama gofu, na hapo ndo baada ya kupita mikono kadhaa ikapewa jina jipya. Kwa hiyo balaa lilitangulia, jina likafuata nyuma. Na mwisho wake, 1885, nahodha aliipandisha kwenye mwamba Haiti makusudi ili yeye na wenzake wale hela ya bima. Hilo nalo tulilaumu jina?

Mi naona hapa ndo kosa la hii imani lilipo. Chombo kinachokwenda vizuri, kinachorudi na samaki, nani anahangaika na jina lake? Jina linabadilishwa kikiuzwa, na chombo kinauzwa mara nyingi kikiwa kimechoka, au kimewahi kuzama, au mwenyewe kafilisika. Sasa ukihesabu vyombo vilivyobadilishwa majina halafu ukahesabu ajali, lazima utakuta nyingi, maana hivyo vyombo vilishakuwa wagonjwa kabla hata fundi hajafungua kopo la rangi.

Na mifano ya kinyume ipo kibao. Drake yule baharia Mwingereza alibadilisha jina la merikebu yake katikati ya safari, 1578, Pelican ikawa Golden Hind, akazunguka dunia nzima akarudi kwao 1580 imejaa mali (mali ya wizi, lakini ilifika). Hapa kwetu kuna meli ya Liemba ya Kigoma. Wajerumani waliiita Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe 1916 Waingereza na Wabelgiji wasiipate, ikakaa chini ya Ziwa Tanganyika miaka, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 na jina la Liemba, na kwa hilo jina imebeba watu na dagaa miaka chungu nzima. Kama jina jipya ni mkosi basi huo mkosi mvivu sana.

Halafu kuna hii inayouma. Meli ya abiria Spice Islander ilishaitwa majina mengine huko Ugiriki kabla ya kuja Zanzibar, ikazama Septemba 2011. Skagit ilitoka Marekani ikaja na jina lake la huko huko, hakuna aliyeligusa, nayo ikazama karibu na Chumbe Julai 2012. Haijapita hata mwaka. Moja imebadilishwa, moja haijabadilishwa, na waliokufa ni ndugu zetu wale wale. Ya kwanza ilijazwa watu kupita uwezo wake, ya pili ilikutwa na bahari chafu. Ukianza kubishana majina hapo unawapunguzia lawama waliouza tiketi.

Upande wa dini nao hausaidii wanaoogopa, maana kuamini nuksi kumekatazwa, na tena Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akibadilisha majina mabaya kuwa mazuri. Mwanamke aliyeitwa Aswiya (kwa swadi), maana yake muasi, akamwita Jamila.

Kwa hiyo wale wa paka-rangi-twende wameshinda? Hapana, ngoja kwanza.

Angalia mila zenyewe zinasemaje. Wazungu wa mashua za tanga wanafuta jina la zamani kila mahali, mpaka kwenye maboya, halafu wanamwaga mvinyo baharini wakimwomba Neptune, mungu wao wa bahari wa hadithi, alifute kwenye daftari lake. Wafaransa wana yao ya 15 Agosti, chombo kinakwenda zigizaga kikikata mara kadhaa mkondo kinaouacha chenyewe nyuma, ati unamkata nyoka anayekufuata nyuma. Kwetu ni ubani, Yasini, na mwenye uwezo anachinja mbuzi watu wale. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayesema jina halibadilishwi. Wote wanachosema ni usibadilishe kimyakimya, ita watu.

Na serikali ilifika hapo hapo bila ubani. Sheria ya meli ya Uingereza ya 1894 ilikataza kubadilisha jina la meli iliyosajiliwa mpaka upate ruhusa, maana mwenye jahazi bovu au lenye madeni akipaka jina jipya tu, anayekuja kununua hajui ananunua nini. Nilimuuliza nahodha mmoja mzee pale ufukweni, nikamwambia shikamoo mzee, hivi bahari inachukia jina jipya? Akacheka. "Bahari haijui kusoma mwanangu. Wanaosoma ni wanaokudai."

Ndo maana mi siwadharau hao wanaoogopa. Sababu waliyoshika siyo, lakini ule woga ulikuwa unafanya kazi ya laiseni kabla ya laiseni. TULIA pale Deep Sea watu wanaijua, imetengenezwa na fundi gani, ubao upi uliwahi kubadilishwa, nani alikufa nayo na nani alipona. Ukiifuta unafuta na hayo yote, na siku umeishiwa mafuta huko nje mtu anakuona kwa mbali anajiuliza hii SINA DENI ya nani.

Nikamshauri binamu abadilishe, ila TULIA aichonge tena ndani, chini ya ubao wa kukalia, na kwenye karatasi yaandikwe majina yote mawili. La karatasi kakubali. La kuchonga kasema fundi anataka elfu ishirini, hana.

Ijumaa asubuhi ubani ukafukizwa, Yasini ikasomwa, tukala wali na kuku (mbuzi bei haishikiki). Herufi za zamani fundi kazijaza puti akapaka bluu mara mbili, SINA DENI ikakaa juu kwa rangi nyeupe. Imependeza, sikatai. Ila jua la asubuhi likiipiga kwa ubavu, TULIA bado inasomeka chini ya rangi, na juzi wanarudi na changu kidogo, watoto wako ufukweni wanapiga kelele, "Tulia hiyoo! Tulia imekuja!" Binamu kageuka kajifanya anakunja tanga.