Nilidhani Yuko na Wewe

Sentensi hiyo niliisikia mara nne ndani ya dakika moja, asubuhi ya siku ya pili kambini, na tangu turudi nyumbani haijanitoka kichwani. Mama wa mtoto alidhani yuko na shangazi. Shangazi alidhani amepelekwa kuoga. Binamu mkubwa alidhani yuko na baba yake. Na baba yake, aliyekuwa akikaza kamba za hema, alidhani yuko na sisi sote.

Tulikuwa watu 27, vizazi vitatu, mahema 8 kwenye uwanja mmoja. Mtoto ana miaka 3. Alikuwa peku, hatua mbili kutoka kwenye shimo la moto wa jana yake, pale ambapo wajomba walifukia makaa kwa mchanga wakaenda kulala wakiamini wamezima. Aliyemwona ni bibi, ambaye magoti hayamruhusu tena kuinuka upesi. Alimwita kwa jina mara moja tu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, na mtoto akasimama. Nilipouchokoa ule mchanga kwa kijiti, makaa ya chini yalikuwa bado mekundu.

Mchanga hutunza joto na kuficha wekundu, basi. Makaa huzimwa kwa maji: mwaga, koroga, mwaga tena, mpaka ukisogeza mgongo wa kiganja usisikie joto. Karibu kila mtu mzima pale alilijua hilo. Ila hakuna aliyekuwa ameambiwa, "Wewe ndiye utakayezima," kama ambavyo hakuna aliyekuwa ameambiwa, "Wewe ndiye uliye na watoto."

Watu husema familia kubwa kambini ni salama kwa sababu macho ni mengi. Mimi nasema wingi wetu ndio uliokaribia kumuunguza mtoto yule. Ukiwa na mwanao peke yako, unajua kwamba ukigeuza uso hakuna mwingine wa kumtazama. Mkiwa ishirini na kitu, kila mmoja anageuza uso kwa amani kabisa. Anakoroga sufuria, anatafuta tochi, anacheka na wifi yake ambaye hajamwona mwaka mzima, na kila mmoja ana hakika kwamba mwingine anatazama. Hakuna aliyezembea hata mmoja. Hilo ndilo linalonitisha.

Na pale palikuwa na mto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo anayezama hapigi kelele. Hawezi, maana kinywa kiko majini. Unaweza kuwa umekaa mita kumi kutoka kwake, ukiongea, usisikie chochote.

Asubuhi ileile tuliweka utaratibu, na ningependa kila ukoo unaokwenda kambini uufuate. Vitambaa viwili vyekundu, kimoja cha mtoni, kimoja cha uwanjani. Anayekivaa shingoni hapiki, hashiki simu, hapigi soga. Zamu ni nusu saa, kwa sababu baada ya hapo macho huchoka. Hukiachi kitambaa juu ya kiti. Unamvalisha mwenzako kwa mkono wako na kumtajia watoto mmojammoja kwa majina.

Wavaaji wawe watu wazima. Nimechoka kuona binti wa miaka 12 akikabidhiwa mtoto mgongoni huku wenzake wakiogelea, eti kwa sababu ni mkubwa. Yeye naye ni mtoto, na amekuja kucheza.

Mjomba mmoja alipinga. "Sisi tulikua bila kuchungwa hivi, na tuko hai." Namheshimu, lakini waliobaki hai ndio wanaoweza kusema hivyo. Nakubali, shingo upande, kwamba ana hoja kuhusu wakubwa: wa miaka 10 na kuendelea waachwe wapande miti, wachafuke, wapotelee vichakani na binamu zao kwa saa nzima. Tunawapeleka kule kwa ajili hiyo.

Mengine ni mafupi. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata makaa yakiwa yanafifia, hata kukiwa na baridi kali. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Hema lililoandikwa watu 6 lilaze 4. Aliyepika asioshe vyombo. Majirani wa kambi nao wana watoto waliolala, kwa hiyo saa 4 usiku ngoma inyamaze.

Jioni ya mwisho bibi aliomba kitambaa. Tulikuwa tumemwondoa kwenye zamu kwa ajili ya magoti yake, na wengi tukaanza kumbembeleza apumzike. Akatuuliza ni nani aliyemwona mtoto. Hatukuwa na jibu. Akamwita mjukuu wake wa kwanza, kijana wa miaka 22, akamsimamisha ubavuni. "Mimi macho, huyu miguu," akasema, kisha akainamisha kichwa ili nimfunge kile kitambaa.