Siamini, lakini kaburini nilishuka

Tangu watu wa nyumbani wajue kwamba siamini, hakuna aliyeniketisha chini kunithibitishia kuwa Mungu yupo. Wanachouliza ni kimoja tu: utazikwa na nani? Shangazi aliniuliza huku anachambua mchele, bila hata kuinua kichwa. Kwetu Tanga swali hilo linashinda hoja zote za wanafalsafa. Mtu anaweza kuishi bila dini, lakini akifa lazima apatikane wa kumwosha, wa kumkatia sanda na wa kubeba jeneza. Hayo maiti hajifanyii.

Hata neno tunaloitwa nalo, mkanamungu, limekaa kimahakama. Mshtakiwa hukana shtaka, mdaiwa hukana deni. Mimi sikani deni, nimeomba tu nioneshwe hati. Na kwa kuwa sensa ya Tanzania haijamuuliza mtu dini yake tangu 1967, watu wa aina yangu hatuna hata idadi. Wenzetu Kenya wanauliza, na mwaka 2019 safu ya wasio na dini na wasioamini Mungu ilipata watu 755,750. Wangapi kati yao wana shangazi kama wangu, sensa haisemi.

Babu mzaa baba alikuwa karani wa mizani katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Kazi yake ilikuwa kupima marobota ya singa na kuandika daftarini. Alipostaafu, mizani ikabaki mikononi. Ukimpa mtoto ampakate, alimrusha kidogo, akatulia kama anasikiliza kitu, halafu akatangaza: "Ratili kumi na nne." Kilo hakuzipenda hata siku moja. Mama zetu walikuwa wakirudi kliniki na kadi, wanapiga hesabu, wanacheka, maana mzee alikuwa amepatia au amekosea kidogo tu.

Miaka yake minne ya mwisho alipatwa na ugonjwa wa kusahau. Tulianza kusahauliwa wajukuu, wakafuata watoto, na mwishoni baba mdogo, aliyekuwa akimwogesha kila asubuhi, alikuwa anaitwa "wewe kijana wa watu". Hapo ndipo akhera iliponikatikia. Watu hudhani nilipotoshwa na vitabu au na vijana wa mjini. Chuoni, kwenye madrasa, tulifundishwa kwamba roho huuvua mwili kama mtu anavyovua kanzu, mwenyewe akabaki mzima. Lakini babu nilimwona akipungua mbele ya macho yangu. Ugonjwa ulipoanza kula ubongo, uliondoka upole wake, mtu ambaye hakuwahi kumtukana hata mbuzi. Ukasogea, likaondoka jina la mkewe. Sasa kama ubongo ukiharibika nusu unachukua nusu ya mtu, ukioza wote huyo mtu kamili atatokea wapi?

Baba mdogo aliona jambo lile lile akapata jibu lake. Babu yule aliyesahau wanawe, ukimwanzishia Yasini aliipokea mwenyewe, akaenda nayo mpaka mwisho bila kukosea irabu. "Unaona?" akaniambia. "Roho haisahau." Nikamjibu kwamba yaliyokaririwa utotoni na kurudiwa miaka nenda miaka rudi ndiyo ugonjwa ule huchelewa kuyafikia, na kwamba hata ratili babu hakuzisahau, je, nazo zimo rohoni? Akaniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtoto aliyejibu swali ambalo hakuulizwa. Chai ikapoa.

Wako wenzangu wasioamini wanaotamba kwamba sayansi imeshathibitisha hakuna kitu baada ya kifo. Nao wananichosha. Sayansi haijathibitisha hivyo. Ninavyoona mimi, kila roho ilipoitwa ije kupimwa, haikuitika. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Massachusetts, Marekani, Duncan MacDougall, alichapisha matokeo ya kuweka vitanda vya wagonjwa mahututi juu ya mizani ili aone kama mtu akikata roho uzito unashuka. Wagonjwa walikuwa sita. Wa kwanza akapungua kama gramu 21, na ndiye dunia nzima inayemsimulia mpaka leo. Wawili daktari mwenyewe aliwaondoa kwenye hesabu, waliobaki majibu yao hayakuoana. Baadaye akapima mbwa 15, hakuna aliyepungua, akahitimisha kwamba mbwa hawana roho. Babu angemfukuza kazi. Karani anayeandika robota moja akaacha matano hakai na daftari.

Waliokuja baadaye walikuwa waangalifu zaidi. Utafiti uliotoka mwaka 2014, chini ya daktari Sam Parnia, ulifuatilia watu 2,060 ambao mioyo yao ilisimama wakiwa hospitalini Uingereza, Marekani na Austria. Katika baadhi ya vyumba ziliwekwa rafu karibu na dari, juu yake picha ambazo anayeweza kuziona ni mtu aliye juu akiangalia chini. Kama roho kweli inatoka na kuelea, ikirudi ituambie picha ilikuwa ya nini. Mtego mzuri, mimi nimeupenda. Manusura waliohojiwa walikuwa 140, na wawili kati yao walisimulia kuona na kusikia mambo ya chumbani. Mmoja maelezo yake yalilingana na yaliyofanyika. Ila wote wawili mioyo yao ilisimamia mahali pasipo na rafu. Baba mdogo nilipomsimulia alisema Mungu hategwi. Mimi nilisema rafu ziongezwe.

Nikiulizwa basi mtu akifa anakwenda wapi, jibu lililo karibu nami ni la John Mbiti, Mkamba wa Kitui aliyekuwa kasisi wa Anglikana. Alichukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, akaeleza kwamba kwa Waafrika wengi marehemu haingii katika zamani siku anapozikwa. Madamu yuko hai mtu anayemkumbuka kwa jina, bado yumo katika sasa. Hilo naweza kulikubali, maana nimeliona. Ni kidogo sana, najua, ukilinganisha na pepo niliyoahidiwa chuoni, na usiku mwingine nikikumbuka sauti ya babu naona kabisa kwamba hakinitoshi.

Siku ya maziko baba mdogo alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Huyu atashuka." Wanaojua habari zangu wakatazamana. Nikavua viatu nikashuka. Tulikuwa watatu mle ndani, shuka imetandwa juu yetu, joto na harufu ya udongo na karafuu maiti. Mimi nilimpokea mabegani. Tukamlaza mwanandani, tukapanga viunza, tukatoka.

Kaburi lilipojaa, mwalimu akakaa upande wa kichwani kumsomea talakini. Akamwita babu kwa jina lake na la mama yake, akamwambia watakuja malaika wawili, wasimtishe, wakimuuliza Mola wake ni nani ajibu hivi, wakimuuliza mtume wake ni nani ajibu hivi. Mzee ambaye wiki iliyopita hakujua kama ni asubuhi au jioni, anaingizwa kwenye mtihani, na mtu amejitolea kumvujishia majibu. Mimi nisiyeamini kwamba mle kuna sikio, nilichuchumaa pale mpaka neno la mwisho, na simu ya mtu ilipolia nilimgeukia kwa hasira kuliko waumini wote.

Njiani kurudi baba mdogo alinisubiri, tukaongozana, kila mmoja anapukuta mchanga mikononi. Hakuniuliza kuhusu Mungu wala kuhusu nani atanizika.

"Wewe ndiye ulimpokea mabegani. Ratili ngapi?"

"Tisini," nikasema. "Pamoja na sanda."

Akatembea kidogo, anapima moyoni.

"Hazifiki."