Pijo ya mzee imeota pua

Jamani nani aliwaambia vijana wa Kampala kwamba kila gari linataka pua, lile tundu la kuingiza upepo, juu ya boneti? Yaani nimempa shemeji Pijo 504 ya marehemu mzee akaipeleke kubadilisha oili, oili tu, jioni imerudi na pua ya Subaru, tena ya bluu, kwenye boneti nyeupe, imezungushiwa silikoni kama keki ya harusi. Namuuliza hii nini, ati "Shem, injini lazima ipumue." Kwani miaka yote hiyo ilikuwa inapumulia masikio?

Na ukimwelewesha anakuona mshamba. Subaru ya turbo ina pua kwa sababu intakula, kile kipoza hewa ya turbo, imekaa pale juu ya injini, upepo unaingia unaipoza, basi, pua ina kazi. Pijo yetu haina turbo wala intakula, ina kabureta na dua za mama. Halafu huo upepo utoke wapi? Hata ukikimbiza 100 kwa saa presha inayoongezeka pale mbele haifiki nusu ya asilimia moja ya hewa ya kawaida, sasa mimi kutoka Ndeeba saa kumi na moja jioni boda inanipita, mwenye mkokoteni wa matoke ananipita, kinachoingia puani ni moshi wa taksi ya mbele tu. Wamarekani wenyewe, Chevrolet mwaka 1970, kwenye Chevelle walifungua tundu linaloangalia nyuma, upande wa kioo, maana hewa inajazana pale chini ya kioo. Nikamweleza shemeji hilo. Akasema basi tuongeze ya pili.

Kinachoniuma ni grenda. Hii si gari ya kusema nitaagiza nyingine, tangu sheria ya 2018 gari lililofika miaka 15 haliingii Uganda, na fundi hata hakuuliza, kachora na chaki, kakata. Tundu lenyewe liko juu ya distributa kabisa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, utadhani alipima. Sasa ikija mvua ya Kampala, ile isiyopiga hodi, maji yote pwaa humo, gari inakohoa, inazima katikati ya raundabauti, mimi nje na tambara nafuta kifuniko cha distributa na watu wa boda wanashangilia "Subaru! Subaru!"

Nikaziba na gunia. Kaloli, yale madege ya jalalani, likalichomoa likaacha kichwa cha sangara ndani. Nikawasha gari sijui hili wala lile, jua la saa nane, injini imechemka, foleni haisogei, samaki anaiva taratibu na harufu yote inaingia kwangu. Mke wangu mpaka leo haamini hiyo hadithi ya kaloli.

Juzi afande kanisimamisha, nikajua leo nalipa. Kazunguka gari, kaigonga ile pua kwa kidole, "Mzee, hii turbo?" Nikasema hapana afande. Kaniangalia kwa huruma, kanipungia mkono niende, leseni hata hakuomba.

Mteja nimepata lakini, kijana mmoja pale wanapoosha magari, pesa anayo mkononi. Anataka pua peke yake, gari hataki, na shemeji kashasikia anadai kamisheni.